Josepha Kokulinda: Miaka Ishirini na Saba ya Kutazama Mpaka Jina la Mwisho

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya utumishi, Bi. Josepha Kokulinda alirudisha funguo za kabati lake, akasaini kitabu cha mahudhurio kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi kutoka Redio Jabalini. Wengi wetu tunamwita Ma Koku, kwa heshima ya kwao Kagera. Wasikilizaji wanamfahamu kama sauti ya kipindi cha filamu cha Jumamosi saa nne asubuhi. Waongozaji wa filamu wa Kanda ya Ziwa wanamfahamu kama mratibu wa Tuzo za Wahakiki, na wapo waliowahi kumkwepa stendi ya Buhongwa kwa kujificha nyuma ya mizigo ya vitunguu.

Alizaliwa Kamachumu, kwenye migomba na kahawa, akasomea uhazili na kuja Mwanza kumfuata mumewe, Mwalimu Kamugisha, aliyekuwa amehamishiwa huku. Machi 1998 aliajiriwa na kituo chetu kupokea wageni na simu. Hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya filamu.

Ilitokea hivi. Mtangazaji wetu wa burudani wa wakati ule alikuwa na mazoea ya kusoma maelezo yaliyoandikwa kwenye kasha la kanda ya filamu na kuyatangaza kama maoni yake. Jumamosi moja ya mwaka 1999 alitoka studio wakati wa matangazo ya biashara, akapita mapokezi, na Ma Koku akamwambia, bila hata kuinua macho kwenye daftari la wageni, "Kaka, umesoma kasha. Filamu yenyewe hujaitazama."

Mtangazaji yule alicheka na kumjibu, "Basi njoo useme wewe."

Akaenda. Aliingia studio na kikombe chake cha chai mkononi, akazungumza dakika tisa mfululizo kuhusu filamu ambayo alikuwa ameiona mara tatu. Simu za wasikilizaji zikaanza kulia mapokezi, na hapakuwa na mtu wa kuzipokea, kwa sababu mpokea simu alikuwa hewani. Wiki iliyofuata alipewa dakika kumi na tano, na baada ya mwaka mmoja kipindi kizima kikawa chake.

Elimu yake ya filamu aliipata kwenye vibanda umiza, vile vya mtaani vya kuoneshea video. Alikuwa akitoka kazini na nguo zake za ofisi, anajifunga kanga juu yake, anaingia kibandani Mkolani kukaa kwenye benchi pamoja na waendesha baiskeli na wauza dagaa. Mwanzoni wanaume walikuwa wakinyamaza akiingia, wakidhani amekuja kumfuata mume. Baadaye mwenye kibanda alimnunulia kiti cha plastiki na kuandika mgongoni mwake kwa rangi nyekundu: MHAKIKI. Kiti hicho kilivunjika mwaka 2007 chini ya diwani mmoja aliyekikalia bila kuomba, na Ma Koku mpaka leo huisimulia habari hiyo kwa masikitiko yanayohusu kiti tu.

Mwaka 2004 yeye na wahakiki wenzake sita, kutoka Mwanza, Bukoba, Musoma, Geita na Shinyanga, walikubaliana kuchagua kila mwaka filamu bora zilizotengenezwa katika kanda hii. Kituo chetu kikakubali kuwa mlezi wa tuzo hizo, na Ma Koku akawa mratibu. Waliamua mshindi wa filamu bora apewe sato, samaki wa ziwa letu, wa kuchongwa kwa mti. Fundi wa Buhongwa aliyepewa kazi hiyo alikuwa bingwa wa vitanda. Sato wa mwaka wa kwanza alifanana zaidi na kiatu, na mshindi alipokabidhiwa jukwaani alimgeuza mara mbili, akauliza kwa adabu kichwa ni kipi. Mwaka uliofuata fundi aliongeza macho. Leo sato yule anatambulika hata akiwa kwenye rafu ya nyumbani gizani, na neno "kupata Sato" limekuwa la kawaida kwa watu wa filamu kuanzia Tarime hadi Ngara.

Majaji wake wanamkumbuka pia kwa senene, wale panzi wanaoliwa Kagera. Kila Novemba huwaletea bakuli zima, lakini huwaruhusu kula baada ya filamu kwisha tu. Sababu yake ni kwamba mtu anayetafuna senene hawezi kusikia maneno yanayosemwa kwa kunong'ona, na waandishi wazuri huweka mambo makubwa kwenye minong'ono.

Lakini anayetaka kumjua Ma Koku ni mtu wa namna gani inabidi asikie habari ya mwaka 2013. Naijua vizuri, maana kosa lenyewe lilikuwa langu.

Mimi, Luhende, nilikuwa na miezi minane tu kazini kama fundi mitambo, nina mke na watoto wawili, nimepanga chumba na sebule Mkolani. Wakati ule kila jaji alikuwa akitumiwa diski ya kila filamu kwa basi, anaitazama nyumbani kwenye deki yake, kisha anarudisha kura kwa bahasha. Kazi ya kunakili diski ilikuwa yangu. Miongoni mwa filamu za mwaka huo ilikuwamo *Nyavu za Mjane*, kazi ya kwanza ya Gladness Masele, fundi cherehani wa Buhongwa, aliyeitengeneza kwa kamera ya kuazima na waigizaji wa kwaya ya kwao. Ilikuwa habari ya mjane wa Kayenze ambaye nyavu za marehemu mumewe zinachukuliwa baada ya maziko, naye anazunguka kijiji kizima kumtafuta aliyezichukua.

Nilinakili diski saba. Nilijaribu dakika tano za mwanzo, nikaona picha na sauti viko sawa, nikazifunga na kuzituma. Sikujua kwamba kompyuta ilikuwa imekata filamu ile. Katika nakala zote saba, mjane anafika kwenye ghala, anashika komeo, mlango unaanza kufunguka, na hapo picha inazimika.

Majaji wote saba waliamini ndio mwisho wake. Ma Koku naye aliamini. Jumamosi alisema hewani, kwa ule mtindo wake uliowafanya watu waongeze sauti ya redio, "Mwongozaji ameishiwa hadithi kabla sisi hatujaishiwa subira." Mimi niliyekuwa kwenye mitambo nilicheka kwa sauti. Kura zilipohesabiwa, *Nyavu za Mjane* haikupata hata moja, kwa tuzo yoyote. Filamu bora ilikuwa *Kivuko cha Saa Tisa*, kutoka Musoma.

Siku tisa kabla ya sherehe, Ma Koku alikwenda saluni Mkolani kusuka nywele. Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa pale binti mmoja aliyeitwa Sabina alipoanza kuwasimulia wenzake filamu aliyoiona jana yake kwenye kibanda cha jirani. Aliwaambia namna mlango wa ghala unavyofunguka, na ndani yupo mama mkwe wa yule mjane, ameketi chini na sindano, anazishona zile nyavu zilizochanika ili amrudishie mkwewe zikiwa nzima.

"Mwisho upi huo?" Ma Koku aliuliza.

"Wa *Nyavu za Mjane*, mama. Wanawake wote tulitoka tunalia."

Ma Koku alisimama. Msusi alimwambia bado upande mzima, yeye akajifunga kanga kichwani, akavuka barabara na kuingia kibandani. Filamu ilikuwa ikioneshwa tena mchana ule. Aliitazama kuanzia pale mlango wa ghala unapofunguka. Dakika ishirini na nne ambazo hakuna jaji aliyeziona.

Alifika ofisini saa kumi jioni. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, wa kulia ulikuwa umesimama. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alikuja moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo.

"Luhende, filamu ya Gladness ina dakika ngapi?"

Nikafungua diski aliyoileta Gladness mwenyewe. "Tisini na nne."

"Na tulizotuma?"

Niliiweka moja kwenye deki, nikaona sabini. Nilianza kusema samahani, nikasema kompyuta, nikasema umeme. Akaniwekea mkono begani. "Ulinakili wewe," alisema, "lakini nilihukumu mimi. Nilipoona picha imekatika ningepaswa kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshapata sentensi nzuri ya kuchekesha watu."

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Josephat Ngosha, ambaye sasa amestaafu na ameturuhusu kuyasema haya, hakutaka jambo hili likuzwe. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka, ukumbi umeshaandaliwa, na majina ya washindi yameshachongwa kwenye vibao vya tuzo. Alimwambia kwa upole, "Ma Koku, tuliache hili lipite. Mwakani tutakuwa makini zaidi. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua, Bwana Ngosha."

"Wakisikia tuzo zetu zinatolewa na watu wasiotazama filamu, hakutakuwa na mwakani."

"Basi zife kwa ukweli," alijibu. "Mimi niko tayari kuacha uratibu. Lakini Jumamosi nitasema."

Na Jumamosi akasema. Nilikuwa kwenye mitambo, nikingoja kusikia jina langu. Alisema hivi: "Ndugu msikilizaji, wiki tatu zilizopita nilihukumu filamu ambayo sikuiona yote. Diski zilizotoka ofisini kwangu zilikuwa pungufu. Filamu ina mwisho, na mwisho wenyewe ni mzuri. Aliyeishiwa ni mimi." Akaendelea na habari nyingine. Jina langu halikutajwa siku ile wala siku yoyote iliyofuata. Nalitaja mwenyewe leo, miaka kumi na miwili baadaye, kwa sababu naona kosa hili limekaa muda mrefu mno mfukoni mwangu.

Siku hiyohiyo alikwenda Buhongwa kwa Gladness, na aliniamuru niende naye. Tulimkuta kwenye cherehani. Alituamkia shikamoo kavu, hakusimama, akaendelea kushona pindo la sare ya shule mpaka likaisha. Ma Koku aliketi kwenye benchi la wateja akisubiri, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kupunguziwa gauni.

"Mama yangu alikuwa anasikiliza redio siku ile ya kwanza," Gladness alisema hatimaye. "Alikuwa amewaita majirani waje wasikie jina langu. Ulipofika pale pa kuishiwa hadithi, aliizima. Hatujaiongelea mpaka leo."

Ma Koku hakutafuta neno la kujitetea. Alisema, "Nimekukosea wewe na mama yako. Naomba msamaha." Kisha akaeleza alichokuja kuomba: majaji wote waitazame filamu upya, nzima, na kura zipigwe tena.

"Na mkiitazama yote mkaona bado ni mbaya?"

"Nitasema bado ni mbaya."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Gladness akatabasamu kidogo. Akanyoosha mkono kwenye kabati la vitambaa na kumkabidhi diski. "Hii msiinakili," alisema, huku akinitazama mimi.

Jumapili, baada ya misa, majaji saba walikusanyika kwenye ukumbi wa parokia. Wa Bukoba alifika kwa meli asubuhi hiyo, wa Shinyanga alipanda basi la alfajiri. Walitazama *Nyavu za Mjane* tangu picha ya kwanza mpaka jina la mwisho la mwanakwaya wa mwisho lilipopita, kisha wakatazama *Kivuko cha Saa Tisa* vilevile. Jaji mmoja, mzee wa Geita asiyependa filamu za kulia, alitoka nje kujifuta uso, akasema ni vumbi.

Kura za filamu bora zilikuwa nne kwa tatu. *Kivuko* ilishinda tena, kwa kura moja. Hadithi bora, kwa kura zote saba, ilikwenda kwa *Nyavu za Mjane*, na fundi wa vitanda akalazimika kuchonga kibao kipya kwa siku mbili.

Kura zilikuwa za siri, lakini Ma Koku hakungoja Gladness asikie maneno ya mitaani. Alimpigia simu jioni ile. "Kura yangu sikukupa kwenye filamu bora," alimwambia. "Mwisho wako unauzidi wa *Kivuko*, lakini katikati kuna robo saa ambayo mjane anatembea tu. Hiyo ungeikata wewe mwenyewe, badala ya Luhende kukukatia mwisho, ungeshinda."

Nilikuwa karibu. Nikasikia kicheko upande wa pili. Gladness alisema, "Robo saa ile hata mimi ilinisumbua, Ma Koku. Nilikosa wa kuniambia."

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika kuliko miaka yote, kwa kuwa watu waliosikia kipindi kile walitaka kujionea. Gladness alipanda jukwaani na mama yake. Mama alipoombwa aseme neno, alisema amewasha redio tena. Wageni walisimama kupiga makofi, na Bwana Ngosha, aliyeogopa kwamba hakutakuwa na mwakani, alikuwa wa kwanza kusimama.

Tangu hapo tuzo zetu zina sharti moja lisilojadiliwa: majaji hutazama pamoja, ukumbi mmoja, na hakuna anayeinuka mpaka jina la mwisho lipite. Ma Koku mwenyewe hukaa karibu na mlango. Daktari mmoja aliyewahi kuwa jaji alipopata simu ya dharura ilibidi aeleze dharura ni ya nani kabla ya kupishwa. Filamu zilizoletwa mwaka wa kwanza wa tuzo, 2004, zilikuwa tano, mwaka jana zilikuwa sitini na moja. Gladness alipata Sato wake mwaka 2019, kwa filamu nyingine, na sasa ni mmoja wa majaji. Yeye na Ma Koku hawajawahi kukubaliana juu ya filamu yoyote, na vikao vyao husikika mpaka barabarani.

Katika miaka hii Ma Koku amewafundisha kazi watangazaji kumi na moja, akiwemo Dorcas anayerithi kipindi. Masomo yake ni mafupi. Tazama kwanza. Usimwonee mnyonge, na mwenye gari kubwa asikutishe. Ukisema filamu haijaiva, eleza moto ulipungua wapi. Watani wake Wasukuma, mimi nikiwamo, tumejaribu kwa miaka mingi kumfanya akiri kwamba Mhaya hawezi kusema jambo kwa ufupi. Ametukatalia kila mara, kwa urefu.

Nyumbani kwake Buswelu anasubiriwa na Mwalimu Kamugisha na migomba kumi na minne. Migomba hiyo imepandwa katikati ya mawe ya Mwanza kwa ubishi mtupu, na mpaka sasa imetoa mikungu mitatu. Mwalimu anasema mke wake akipata muda ataihakiki migomba hiyo mmoja mmoja, na anaionea huruma.

Kipindi chake cha mwisho kilikuwa Jumamosi tarehe 28 Juni. Tulitaka kumwekea nyimbo na salamu, akakataa, akasema wasikilizaji wamefungulia redio kusikia habari za filamu. Akahakiki filamu mpya ya Ukerewe, akaisifu picha, akaikosoa sauti, akasimulia hadithi yake mpaka pale anapoishia siku zote, hatua moja kabla ya mwisho, ili asimharibie atakayekwenda kuitazama. Ndipo simu ya Mzee Paulo wa Nansio ikaingia.

Mzee Paulo alisema amemsikiliza kwa miaka kumi na tisa. Alisema alipofuka macho mwaka 2006, na tangu wakati huo hajaona filamu hata moja, lakini zote amezitazama kupitia kwake. "Shida yangu ni moja tu, binti yangu," alisema. "Katika filamu zote hizo, sijui hata moja ilivyoisha."

 Ma Koku alimshukuru, akaomba tuhifadhi namba yake, akaaga kwa sauti ileile ya siku zote na kumwachia Dorcas kiti.

Nilipotoka nje nilimkuta ameketi kwenye ngazi za ofisi, viatu amevua, simu sikioni. Alikuwa akimsimulia Mzee Paulo mwisho wa filamu ya Ukerewe, taratibu, sura kwa sura. Alipomaliza nilidhani ataaga. Badala yake nikamsikia akiuliza, "Sasa baba, ipi nyingine?" Waliongea saa moja na nusu. Ninavyoandika haya wamefika filamu ya tisa, na wamepanga kuendelea kila Jumamosi.

Ma Koku, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kunificha nilipokuwa sistahili kufichwa. Wafanyakazi wote wa Redio Jabalini tunakuombea afya njema, siku ndefu pamoja na Mwalimu, na mikungu mizito Buswelu. Nenda ukapumzike kwa amani, mama yetu, na kiti chako hapa kitakuwa wazi kila utakapopita.